Kuchemsha kwa Injini katika Haisi za Zamani

Injini huchoma mafuta ili ipate mwendo, lakini sehemu kubwa ya nishati ya mafuta hayo huishia kuwa joto. Kwa makadirio ya jumla, theluthi moja huzungusha magurudumu, theluthi moja hutoka na moshi kwenye ekzosi, na kiasi kinachokaribia theluthi nyingine huingia kwenye vyuma vya injini, na lazima kiondolewe humo muda wote gari linapotembea. Gari likichemsha, maana yake joto linaingia kwenye maji ya kupoza injini haraka kuliko rejeta inavyoweza kulitoa. Vyanzo ni vingi, ila karibu vyote hupitia njia tatu: maji hayatoshi au hayazunguki, hewa haipiti, au mfumo haushiki shinikizo.

Dar es Salaam imelizoea tatizo hili zaidi kwenye Haisi za zamani, yaani Toyota HiAce za familia ya H100 zilizotengenezwa kuanzia mwaka 1989 hadi 2004. Ndizo zilizobeba abiria kwa jina la vipanya. Zilizobaki zinapeleka watoto shule, zinabeba mizigo ya sokoni, zinakodiwa kwa misiba na harusi, na baadhi zimeng'olewa viti vya nyuma, zikawekwa kitanda, jiko la gesi na madumu ya maji, zikawa gari za kulala safarini. Injini zake za dizeli ni 2L, 3L na 5L, zenye ukubwa wa takriban lita 2.4, 2.8 na 3.0, pamoja na 1KZ-TE ya lita 3.0 yenye turbo; za petroli ni za familia ya RZ. Zote hukaa chini ya viti vya mbele. Mpangilio huo umelipa gari nafasi kubwa ndani, lakini umeifungia injini kwenye boksi ambalo joto lake halina pa kwenda, na kazi ndogo ya ukaguzi inakuwa usumbufu: fundi au dereva anayetaka kuona mikanda, mipira ya maji na uvujaji lazima kwanza awateremshe waliokaa mbele na kuinua kiti. Kazi inayohitaji kuteremsha watu haifanywi kila asubuhi. (Volkswagen Kombi za vizazi vya mwanzo, zilizowazungusha watalii wa Afrika Mashariki miaka ya 1960 na 1970, hazimo katika mjadala huu: zinapozwa kwa hewa, hazina rejeta, na kuchemsha kwake ni habari ya feni, oili na mabati ya kuelekeza upepo.)

Mazingira ya Tegeta, kaskazini mwa Dar es Salaam, yanaongeza mzigo wa mfumo wa kupoza injini kwa namna mbili. Ya kwanza ni foleni. Barabara ya Bagamoyo kati ya Mwenge na Tegeta ilipanuliwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa mwaka 2014, kisha ikarudi kuchimbwa kwa ajili ya awamu ya nne ya mabasi yaendayo haraka. Gari lililosimama kwenye barabara hiyo, Africana au Mtongani, saa nane mchana mwezi wa Februari halipati upepo wowote zaidi ya ule unaovutwa na feni yake, na hewa yenyewe inayovutwa ina nyuzi 32 au zaidi kabla haijapita juu ya lami.

Ya pili ni maji, na hapa ndipo kiini cha jambo kilipo. Kiwanda cha saruji cha Wazo Hill, kilichoanza uzalishaji mwaka 1966, kilijengwa pale kwa sababu kilima hicho ni cha mawe ya chokaa. Maji yanayopenya kwenye mawe ya namna hiyo huyayeyusha kidogo kidogo na kubeba kalsiamu. Maji ya kisima yanayotoka humo huwa magumu, yale ambayo sabuni haitoi povu na birika hujaa ukoko mweupe. Ukisogea upande wa bahari, Ununio au Mbweni, huongezeka chumvi. Maji ya mto Ruvu yanayosambazwa na mamlaka ya maji, DAWASA, ni kitu kingine, lakini pembeni mwa barabara, gari likitoa mvuke, hakuna anayeuliza maji yametoka wapi. Dumu lililo karibu ndilo linalomiminwa.

Chokaa ina tabia moja inayoifanya iwe mbaya kwa injini kuliko kwa matumizi mengine yoyote: kadiri maji yanavyopata moto, ndivyo inavyoshindwa kubaki imeyeyuka. Huganda, na huganda kwanza pale palipo na moto zaidi, yaani ndani ya silinda hedi kandokando ya valvu za ekzosi, mahali ambapo maji yanahitajika kuliko kwingine kote. Tabaka lake hupitisha joto makumi ya mara pungufu kuliko aluminiamu. Kwa hiyo hedi inaweza kuwa inaungua huku maji yanayopita pembeni yakiwa ya vuguvugu na geji ikionyesha salama. Chumvi ya pwani inafanya kazi tofauti: inakula aluminiamu, lehemu ya rejeta za shaba, na mapanga ya pampu ya maji.

Hata hivyo, kujaza maji ya kisima mara moja hakuui injini, na hesabu ndogo inaonyesha kwa nini. Maji yenye miligramu 500 za chokaa kwa lita, yakijazwa lita 10 kwenye mfumo, yanaingiza gramu 5 tu, na zikishaganda zimekwisha. Gari linaloongezwa lita 2 kila siku kwa siku 300 limepokea lita 600, na ikiwa maji hayo yanapotea kama mvuke, gramu 300 za chokaa zimebaki ndani. Hasara inatokana na kuongeza, na kuongeza kunatokana na uvujaji ambao hakuna aliyeutafuta. Haisi inayotembea na dumu nyuma ya kiti cha dereva tayari ni gari bovu, hata kama haijawahi kuchemsha.

Uvujaji wenyewe mara nyingi hauonekani chini ya gari, kwa sababu maji yakidondokea kwenye chuma cha moto hukauka na kuacha alama nyeupe au ya rangi ya kutu. Hutafutwa kwa pampu ya mkono inayofungwa mahali pa kofia ya rejeta na kusukuma shinikizo injini ikiwa baridi. Sindano ya geji ya pampu hiyo ikishuka, kuna mahali maji yanapotoka. Sehemu za kuanzia ni mipira ya rejeta na klipu zake, tundu dogo lililo chini ya pampu ya maji ambalo hutoa maji sili ya ndani ikichoka, na maungio ya tanki la plastiki na aluminiamu kwenye rejeta za kisasa. Haisi nyingi zilizotoka Japani zina sehemu moja zaidi ambayo husahaulika: mabomba ya chuma yanayopita chini ya sakafu kupeleka maji ya moto kwenye hita ya nyuma. Pwani hakuna anayewasha hita, lakini maji huzunguka humo siku zote, na mabomba hayo huoza kwa kutu. Suluhisho la kawaida, la kuyakata na kuunganisha mipira mbele, ni sahihi, mradi maji yaendelee kuzunguka na pasiwe na mpira uliozibwa kwa bolti.

Kofia ya rejeta hudharauliwa kwa sababu ni ndogo na bei yake ni ndogo. Maji yaliyo wazi usawa wa bahari huchemka kwenye nyuzi 100. Kofia iliyoandikwa 0.9, kama zilivyo nyingi za Toyota, hushikilia shinikizo hadi maji hayohayo yafike karibu nyuzi 118 bila kuchemka. Springi yake ikilegea, au raba yake ikikauka, nafasi hiyo ya nyuzi 18 imeondoka, na gari lililokuwa likivumilia foleni linaanza kutapika maji kwenye tanki la akiba ingawa injini haina kasoro. Kwa anayepeleka gari la kulala nyanda za juu, jambo hili lina uzito zaidi: kwenye kimo cha Iringa maji yaliyo wazi huchemka karibu nyuzi 95, na gari hufika huko likiwa limetoka kupanda mlima Kitonga na mzigo wote. Kofia ina valvu ya pili pia, ndogo, inayorudisha maji kutoka tanki la akiba injini inapopoa. Valvu hiyo ikiziba, mipira ya rejeta hunywea usiku na rejeta hukutwa imepungua asubuhi wakati tanki limejaa.

Kuhusu kulanti, dhana iliyoenea ni kwamba inapoza kuliko maji. Sivyo. Maji matupu hubeba joto zaidi kuliko mchanganyiko wa nusu kwa nusu, na uwezo wa kulanti kuzuia barafu hauna kazi Dar es Salaam. Inapandisha kidogo kiwango cha kuchemka, lakini thamani yake kubwa iko kwenye dawa za kuzuia kutu zilizomo, ambazo hulinda hedi, pampu na rejeta kwa pamoja. Dawa hizo huisha; kwa kulanti za kawaida miaka 2 ni muda wa kutosha. Nyingine zinazouzwa ni maji ya rangi tu, na bei huonyesha. Iliyo kali huchanganywa na maji yaliyotoneshwa. Mvua iliyokingwa kwenye chombo safi, baada ya paa kuoshwa na manyunyu ya mwanzo, ni mbadala mzuri kuliko kisima. Anayenunua maji ya betri kwa kazi hiyo aangalie chupa vizuri, kwani asidi ya betri huuzwa kaunta hiyohiyo.

Thamostati ndiyo inayohukumiwa kwanza gerejini. Gari likichemsha, hung'olewa na kutupwa, kwa hoja kwamba Tanzania si nchi ya baridi. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli: thamostati iliyokwama imefungwa huchemsha injini ndani ya dakika chache, na kuiondoa kunaliokoa gari siku hiyo. Lakini kazi yake ni zaidi ya kuharakisha injini kupata moto. Kwenye injini ambazo thamostati ina valvu mbili, ya pili huziba njia ya mkato ambayo maji hurudi ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi moja kwa moja, sehemu ya maji haipoi kamwe, na gari huchemsha kwenye mlima ambako zamani halikuchemsha. Dizeli inayofanya kazi ikiwa na ubaridi nayo hula mafuta zaidi na kuchakaza silinda. Kipimo ni rahisi: thamostati hutumbukizwa kwenye sufuria ya maji jikoni pamoja na kipimajoto, na huonekana ikianza kufunguka kwenye nyuzi zilizopigwa muhuri juu yake, kwa kawaida kati ya 76 na 88. Inayofunguka vizuri irudishwe ilikotoka.

Kabla ya kufungua chochote, swali linalookoa fedha nyingi kuliko yote ni hili: gari linachemsha wakati gani? Likichemsha kwenye foleni na kupoa likipata mwendo, kasoro iko kwenye hewa. Hapo hutazamwa feni. Haisi za dizeli hutumia feni inayozungushwa na injini kupitia klachi yenye mafuta ya silikoni, ambayo hukaza feni joto linapopanda. Mafuta hayo yakivuja, feni huzunguka kivivu. Injini ya moto ikizimwa, feni yenye klachi nzima husimama karibu papo hapo; ikiendelea kuzunguka yenyewe, imekwisha. Boksi la plastiki linaloizunguka feni nalo lazima liwepo, kwani bila hilo feni huvuta hewa ya pembeni na kuiacha ya mbele ya rejeta. Mafundi wengi hulitoa ili kupata nafasi ya mikono na hawalirudishi. Kisha kuna uchafu: vumbi la barabara za Madale na Goba likichanganyika na oili hujaza nafasi kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi, mahali pasipoonekana kwa mbele. Huoshwa kwa maji yanayosukumwa kutoka upande wa injini kwenda nje, si kwa kasi ya kupinda mapezi.

Likichemsha mlimani au kwenye mwendo mkali lakini likatulia foleni, hewa ipo na tatizo ni mtiririko wa maji: rejeta iliyoziba ndani, pampu iliyoliwa mapanga, mkanda unaoteleza, au mpira wa chini unaonywea pampu inapovuta kwa nguvu kwa kuwa springi yake ya ndani imeoza. Rejeta iliyoziba hugunduliwa kwa kuipapasa rejeta yenyewe, injini ikiwa imezimwa, maana sehemu zilizoziba hukutwa baridi katikati ya zenye moto. Ya shaba hufunguliwa tanki, ikapitishwa fito kila mrija na kulehemiwa upya. Ya aluminiamu yenye tanki la plastiki haikubali kazi hiyo vizuri, na kubadilisha ni nafuu. Rejeta za mtumba zinazouzwa Shaurimoyo zinafaa, mradi zijazwe maji na kutazamwa yanavyotoka kwa kasi gani kabla pesa haijatolewa. Kundi hili lina wahusika wa nje pia: breki zinazoshika, muda wa pampu ya dizeli uliochelewa, mzigo uliozidi. Kwenye gia za otomatiki, oili ya gia hupozwa ndani ya tanki la rejeta. Ukuta unaotenganisha oili hiyo na maji ukitoboka, maji hugeuka rangi ya waridi na gia hufuata kufa.

Likichemsha popote, na maji yakipungua bila uvujaji kuonekana, shaka huhamia kwenye gasketi ya silinda hedi. Dalili zake hujulikana mapema: mipira ya rejeta inakuwa migumu dakika moja baada ya kuwasha injini baridi, mapovu yanatoka mfululizo kofia ikiwa wazi, moshi mweupe unatoka asubuhi, oili inafanana na chai ya maziwa. Kipimo cha uhakika ni dawa ya rangi ya buluu inayowekwa juu ya mdomo wa rejeta. Gesi ya mwako ikipita huigeuza kuwa ya njano.

Madhara hayo ya gasketi karibu kila mara huja kutokana na yanayofanyika baada ya sindano ya geji ya joto kupanda. Geji za Toyota nyingi zimepangwa zikae katikati kwa upana mkubwa wa joto, kwa hiyo sindano inapoanza kusogea muda umeshakuwa mfupi. Tena kipima joto kinahitaji kuzama kwenye maji ili kisome. Maji yakiisha kabisa, sindano inaweza kushuka, na dereva akadhani gari limepoa. Utaratibu salama ni kuzima kiyoyozi na kusogea kando. Kama maji yamo na feni inazunguka, injini iachwe ikinguruma polepole. Kama mvuke unatoka au maji yamekwisha, izimwe. Kofia haifunguliwi kabla mpira wa juu haujashikika kwa mkono, jambo linaloweza kuchukua zaidi ya nusu saa, kwa sababu maji ya nyuzi 118 yakipoteza shinikizo hulipuka kuwa mvuke na kumwunguza aliye juu yake. Maji huongezwa injini ikishapoa, kidogo kidogo. Kumwaga ndoo ya maji baridi kwenye injini ya moto, iwe ndani au juu yake, ndiyo njia fupi ya kupasua hedi.

Sababu ya hedi kuwa dhaifu hivyo ni ya kifizikia. Injini ya 1KZ-TE, iliyo maarufu kwa hedi kupasuka, ina bloku ya chuma na hedi ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka takriban mara mbili ya chuma. Kwa hedi ya urefu wa sentimita 60 iliyopata nyuzi 100 zaidi, tofauti hiyo inakaribia milimita 0.7, ilhali vipimo vya viwanda kwa kawaida haviruhusu uso wa hedi upinde zaidi ya milimita 0.1 au 0.2. Bolti zimeishikilia, kwa hiyo inapinda. Ikitolewa hupimwa kwa rula ya chuma na geji ya bapa, hupimwa nyufa kwa shinikizo, hasa kati ya valvu, kisha husagwa. Dizeli za aina hii zina vyumba vidogo vya mwako ndani ya hedi na nafasi finyu kati ya valvu na pistoni, hivyo kusaga kuna kikomo kinachofikiwa haraka, na gasketi huchaguliwa unene kulingana na pistoni zinavyochomoza. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kupimia nguvu. Kukaza kwa mkono na uzoefu kunafanya kazi mpaka kunapokataa, na gasketi ya pili hugharimu sawa na ya kwanza. Unga wa kuziba matundu unaouzwa kwenye vichupa unaweza kumfikisha mtu nyumbani, lakini hauchagui tundu. Huziba na mirija ya rejeta.

Swali la kwa nini madereva wazoefu huendelea kuendesha gari linalochemsha lina jibu la kiuchumi. Dereva wa gari la biashara hudaiwa hesabu ya siku na mwenye gari, na saa moja ya kusubiri injini ipoe inakatwa kwenye posho yake. Hedi ikipasuka, analipa mwenye gari. Kwa upande wake, mwenye gari aliyezoea kusikia habari za matatizo huona ombi la mpira mpya wa rejeta kama njia ya kumla pesa, na hulikataa. Kila mmoja anafanya hesabu iliyo sahihi kwake, na gari linakwenda na dumu. Pale mwenye gari anapoendesha mwenyewe, kama ilivyo kwa wengi wa wanaotengeneza gari za kulala, mgongano huo haupo, na ndiyo maana Haisi za umri uleule huishi maisha tofauti kabisa.

Matengenezo yakikamilika, mfumo huoshwa hadi maji yatoke meupe kabla ya kulanti kuingia. Hata injini ya mtumba ikifungwa kwenye rejeta ya zamani isiyosafishwa huchukua uchafu wote wa ile iliyokufa. Kujaza hufanywa pua ya gari ikiwa imeinuka, kofia ikiwa wazi na hita imewekwa kwenye moto, hadi thamostati ifunguke na mapovu yaishe, kwa kuwa hewa iliyonaswa kwenye mabomba marefu ya Haisi huleta uchemshaji unaofanana na wa gasketi. Jaribio huwa la aina mbili: kupanda kwa mzigo, kisha kusimama na injini ikiwaka kwa dakika 20 juani. Asubuhi inayofuata, injini ikiwa baridi, kiwango cha maji hutazamwa tena na kuongezwa kilichopungua kutokana na hewa iliyotoka. Kikipungua kwa mara ya pili, pampu ya shinikizo hurudishwa kwenye mdomo wa rejeta.